Hariri, Gome na Kutu

Ukipanga mezani mtandio wa hariri uliotiwa manjano ya jikoni na mwingine uliotiwa mkandaa, yaani gome la mti mmoja wa mikoko, mikono yote huenda kwenye manjano. Naliona hilo kila ninapopeleka bidhaa sokoni. Manjano yanaita mtu tangu mbali, na kwenye picha ya simu yanawaka. Mkandaa umetulia pembeni na wekundu wake wa udongo, na asiyeujua anaupita. Makala hii naiandika kwa ajili ya huo unaopitwa.

Natia hariri rangi za mimea hapa Tanga, uani kwetu, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba utajiri wa rangi wa pwani hii umo kwenye kahawia, kijivu na nyeusi: rangi za magome, maganda na kutu. Hizo ndizo zinazokaa. Mimi nataka mtu akinunua mtandio kwangu leo, binti yake aje auvae.

Nianze na kitambaa, maana hapo ndipo wengi wanapopoteza pesa. Madukani kwetu karibu kila kitu laini kinachoteleza kinaitwa hariri, na sehemu kubwa ni poliesta. Poliesta hata uichemshe na gome kutwa nzima, ukiisuuza inarudi vilevile. Kabla sijalipa huomba ruhusa ya kuchomoa uzi mmoja pembeni na kuuwasha kwa kiberiti. Hariri ya kweli inaungua taratibu, inanuka nywele zilizoungua, ukiondoa moto inazimika, na linalobaki ni jivu jeusi linalosagika vidoleni. Poliesta inayeyuka na kuganda tone gumu. Mwenye duka anayejua mali yake hakatai. Anayekataa, namshukuru naondoka.

Hariri inanuka nywele kwa sababu zote mbili ni protini. Kiwavi wa nondo wa hariri, yule anayelishwa majani ya mforsadi, anatema uzi wa protini iitwayo fibroini, uliopakwa gundi iitwayo serisini. Gundi ile ikitolewa kwa maji moto ya sabuni ndipo mng'ao unapotokea. Sasa, tanini zilizomo kwenye magome na maganda ya matunda zina tabia moja kubwa: zikikutana na protini zinashikana nayo na haziachii kirahisi. Ni kazi ileile inayogeuza ngozi mbichi ya ng'ombe kuwa ngozi ya kiatu isiyooza. Ndiyo maana gome na hariri vinapatana hivi. Rangi haikai juu ya uzi, inaingia ndani yake.

Kwa sababu hiyohiyo nawaomba wenzangu wa batiki wasihamishe mapishi yao moja kwa moja. Kostiki na haidrosi, zile dawa za kuyeyushia rangi tulizozoea kwenye pamba, ni sawa kwa pamba, lakini kostiki kali inaila hariri. Kitambaa kitalainika, kitapoteza mng'ao, mwisho kitachanika kwa kuvutwa tu.

Hariri ninayopata mimi ni ya kutoka India na China. Wenzetu Kenya wanayo ya porini. Upande wa Mwingi kuna kiwavi wa Gonometa anayekula majani ya migunga, na katika msitu wa Kakamega kuna viwavi wa Anaphe wanaojenga kiota kimoja kwa pamoja. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kimefanya kazi na wanavijiji wa huko kuivuna na kuisokota. Uzi wa Gonometa unakuja tayari na hudhurungi yake, haujatiwa chochote. Nimeushika mara moja, na tangu siku hiyo natamani kuutia mkandaa.

Mkandaa ni mmoja katika jamii ya mikoko. Watu wa baharini wanajua kuutenga na mkoko wenyewe, na mchu, na msinzi. Mimi nilifundishwa kuutambua kwa gome. Gome lake likikatwa, upande wa ndani ni mwekundu, na ukiliacha hewani wekundu unazidi. Zamani lilikuwa bidhaa ya kusafirishwa. Wakati wa ukoloni wa Kijerumani magome ya mikoko yalichunwa kwenye delta ya Rufiji na kupelekwa Ulaya kwa viwanda vya ngozi. Mti ukichunwa gome kuzunguka shina lote hauponi, kwa kuwa chakula kinachotengenezwa na majani kinashuka kupitia tabaka la ndani la gome hilohilo. Kwa hiyo nalisema wazi: mkoko uliosimama sigusi, na sinunui gome kwa mtu asiyeweza kunionyesha lilikotoka. Mikoko yetu inalindwa kisheria, na hata isingelindwa, ndimo samaki wadogo wanamokulia. Ninalotumia ni gome la boriti zilizokwisha kukatwa kwa kibali. Fundi anazibandua kabla ya kujenga na magome anayatupa. Nikifika mapema nayapata yote kwa bei ya soda.

Naanza kwa kuyavunja vipande vidogo na kuyaloweka usiku kucha. Mtandio wa ukubwa wa kawaida una kama gramu 40, nami huweka gome kavu gramu 100 au zaidi kidogo kwa kila mtandio. Asubuhi maji yamekwisha kuwa mekundu. Nayabandika kwenye moto mdogo wa mkaa kwa saa moja, nachuja kwa kitambaa cha pamba mara mbili, maana kipande kimoja kidogo cha gome kikibaki kinaacha doa ambalo halitatoka tena. Mtandio nao lazima ulowe maji safi kwanza, uloe hasa, usiwe na hata sehemu moja iliyo kavu. Ukiutia mkavu, rangi inaingia kwa mabaka.

Halafu ni subira na kukoroga. Hariri haichemshwi. Maji yakitokota inapoteza mng'ao, kwa hiyo nakaa kwenye nyuzi 60 au 70 na sivuki 85 kabisa. Asiye na kipimajoto aangalie sufuria: mvuke upande, viputo vidogo vianze kushika pembeni, lakini maji yasicheze. Nausogeza mtandio kwa mwiko wa mti, naufunua, naugeuza, nauzamisha. Dakika za mwanzo unakuwa wa waridi hafifu na mtu anaweza kufikiri umekwisha. Baada ya nusu saa umekolea. Baada ya saa nzima nauepua, lakini siutoi. Naufunika humo mpaka kesho yake. Usiku ule wa kupoa ndio unaofanya kazi kubwa. Ukitoka ni mwekundu mzito wenye kahawia ndani, ukikauka unafifia hatua moja, na ukiukunja kwenye mwanga unaona kila mkunjo una rangi yake, pengine wa udongo wa Handeni, pengine wa karafuu kavu. Mng'ao huo wa ndani kwa ndani sijauona kwenye rangi ya kopo.

Wakati mwingine natanguliza shabu, lile jiwe jeupe wanalotumia vinyozi kupaka baada ya kunyoa. Shabu ina madini ya aluminiamu, ambayo yanajishikiza kwenye uzi kwa upande mmoja na kwenye rangi kwa upande mwingine. Gramu 4 hadi 6 zinatosha kwa mtandio wa gramu 40: unaziyeyusha kwenye maji ya moto, unayapoza, unaloweka kitambaa usiku mmoja. Kwa mkandaa si lazima, inautia wekundu tu. Kwa maganda ya vitunguu ni lazima, na ndipo yanapotoa ile dhahabu iliyoiva ambayo watu hawaamini imetoka kwenye takataka za jikoni. Kuna wanaotumia mrututu pia, ile chumvi ya shaba ya buluu, ili kupata kijani. Mimi nimeuacha. Ni sumu, na maji yangu ya kumwaga yanaishia mtaroni, na mtaro unaishia baharini.

Maji nayo yana neno. Visima vingi vya mjini kwetu vina chumvi na chokaa, na chokaa inageuza rangi. Maji yenye chuma yanazifisha kabisa, hasa za njano. Msimu wa masika nakinga maji ya mvua kwenye mapipa, na mitandio ya masika ndiyo iliyo safi kuliko yote. Mteja wangu mmoja wa siku nyingi hanunui mpaka masika ipite.

Sasa manjano. Sitaki mtu adhani nayadharau. Ni rangi rahisi kuliko zote: hayahitaji shabu, hayahitaji usiku kucha, nusu saa tu hariri imegeuka. Lakini kinachoyapa rangi, yaani kurkumini, hakivumilii jua. Nilikata kipande, nusu nikaifunika kwa karatasi ngumu, nusu nikaiacha wazi dirishani. Baada ya siku chache tu mpaka ulionekana, na mwisho upande uliopigwa jua ulibaki rangi ya maziwa ya mgando. Kipande cha mkandaa kilichokaa pembeni yake muda huohuo kilizidi kukolea kidogo. Tena manjano yanaogopa sabuni. Dondoshea povu la sabuni ya mche kwenye mtandio wa manjano, palepale panakuwa pekundu, kwa sababu sabuni ile ina alikali. Siki au limau inaurudisha unjano, lakini mtu aliyenunua nguo ya sherehe hapaswi kutembea na limau kwenye mkoba.

Mzingefuri ni hivyohivyo. Wanaulima sana Kwale na Lamu, wanauita biksa, na mbegu zake zinatoa chungwa la kupendeza kabisa, ila mwanga unalifuta. Choya ndiyo usiseme. Inatoka sufuriani zambarau, inakauka kijivu, na wiki ikiisha hujui ilikuwa rangi gani. Nawaona vijana mitandaoni wakiuza mitandio ya choya na ya kiazi chekundu kwa jina la rangi asilia, kwa bei kubwa, na linaniuma. Mteja akidanganyika mara moja hatarudi kwao, wala kwangu, wala kwa bibi anayejua kazi yake. Rangi ya mmea inastahili heshima ya kupimwa kabla ya kuuzwa. Kipande kimoja dirishani na kimoja kwenye ndoo ya sabuni havimgharimu mtu chochote zaidi ya kungoja.

Manjano nayatumia bado, kwa mitandio ya sherehe ya siku moja, na anayenunua namwambia kabla hajatoa hela.

Lakini kinachonikesha ni nyeusi.

Maganda ya komamanga yakikaushwa na kupondwa yana tanini nyingi. Pamoja na shabu yanatia hariri njano ya dengu, rangi ya upole ambayo peke yake inatosha. Pembeni nina chupa ya maji ya kutu: misumari mizee, siki, maji, iliyokaa majuma mawili mpaka ikawa ya chungwa. Nachukua vijiko vichache tu, navitia kwenye ndoo ya maji vuguvugu, nauzamisha ule mtandio wa dengu. Hapo hata mtu aliyekuja kudai deni anasimama kutazama. Njano haififii, inatiwa giza. Linaanzia kwenye pindo, ambako kitambaa ni kizito, linakimbilia kati kwa michirizi, na kabla hujahesabu ishirini mtandio mzima ni kijivu cha wingu la mvua. Chuma kimekutana na tanini na vimefanya kitu kipya ambacho hakimo kwenye ganda wala kwenye msumari. Wino wa kale wa kuandikia vitabu, katika nchi za Waarabu na Ulaya, ulitengenezwa kwa ndoa hiyohiyo ya tanini na chuma.

Komamanga na kutu hutoa kijivu cha kuelekea buluu. Mkandaa na kutu hutoa kijivu cha kuelekea kijani na kahawia, kwa kuwa tanini zake ni za aina nyingine. Nikitaka kwenda karibu na nyeusi, narudia: komamanga, kutu, komamanga tena, na kupumzisha kitambaa kati ya hatua moja na nyingine.

Kutu haitaki tamaa. Ukiizidisha, hariri inakakamaa, na baada ya miaka inapasuka yenyewe. Makumbusho ya Ulaya yana magauni ya hariri nyeusi ya karne ya 19 yanayomeguka kabatini bila kuguswa, kwa sababu ya madini waliyotia ili kitambaa kiwe kizito na cheusi. Mimi sizidishi chuma cha asilimia mbili ya uzito wa kitambaa, na nikimaliza nasuuza mpaka maji yatoke meupe.

Pangani niliwahi kukaa na bibi mmoja msusi wa mikeka. Alikuwa na miyaa myeusi kuliko kitu chochote nilichowahi kutia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kaa."

"Bibi, hii nyeusi ni ya dukani?"

"Ya dukani inachuja, inamchafua mtu nguo. Hii mdaa. Mizizi. Unaiponda, unaichemsha na miyaa yako, unaiacha, unachemsha tena. Ukiwa na haraka nenda dukani."

Alinipa mizizi ya kwenda nayo nyumbani. Kwenye hariri ilitoa kahawia nzito kabisa, na kutu ikaisukuma hadi karibu na nyeusi ya mkeka wake. Wasusi wa mikeka wana elimu ya rangi ambayo sisi wa vitambaa tumeikimbia na kwenda kuitafuta kwenye video za watu wa mbali. Kabla ya unga wa rangi wa dukani, mikeka ilikuwa na rangi.

Naulizwa pia kama hariri si jambo la kigeni kwetu. Padre Mjesuti Monclaro, aliyepita pwani hii karibu na mwaka 1570, aliandika kwamba Pate, kisiwani karibu na Lamu, walikuwa wakifuma vitambaa vya hariri ambavyo miji mingine haikuwa navyo, na vilitafutwa sana. Nyuma kidogo, mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa alieleza jinsi wafumaji wa Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, waliokuwa na pamba nyeupe tele, walivyochukua nguo za buluu zilizoletwa kutoka Cambay, bandari ya India, wakazifumua uzi mmoja mmoja, na uzi ule wakaufuma upya pamoja na mweupe wao. Nalifikiria sana hilo. Mtu aliketi akafumua nguo nzima iliyovuka bahari kwa sababu ya rangi yake tu. Kilwa, na Shanga, mji wa kale huko kisiwani Pate, wachimbuaji wamepata vigae vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, vya kusokotea uzi. Kwa hiyo anayeniambia kwamba nimeiga mambo ya watu, namwelekeza Pate.

Nili, buluu yenyewe, ni kazi ya peke yake. Haiyeyuki kwenye maji; lazima iondolewe oksijeni kwenye chungu kilichochachuka, kitambaa kitoke kijani, kisha hewa ikigeuze buluu mbele ya macho yako. Tangu mwaka 1897, kampuni ya BASF ya Ujerumani ilipoanza kuuza nili ya kiwandani, wakulima wa mnili duniani walianguka mmoja baada ya mwingine. Nina miche michache kwenye madumu. Ikiwa mikubwa nitaiandikia makala yake.

Rangi nyingine ya kudumu ninayoipenda inatoka milimani. Lushoto mikaratusi imejaa, na majani yake yana ajabu moja: yanatia hariri bila dawa yoyote. Naulowesha mtandio, nautandaza mezani, napanga majani nusu upande, nakunja upande wa pili juu yake, kisha nauviringisha kwenye kipande cha bomba kwa nguvu zangu zote na kuufunga kamba tangu mwanzo hadi mwisho. Kamba ikilegea jani halichapi. Saa mbili kwenye mvuke, halafu upoe. Ukiufungua, jani limeacha umbo lake kwa rangi ya chungwa iliyoungua, mishipa yote inaonekana, hata tundu alilotoboa mdudu. Si kila mkaratusi unatoa. Kuna aina zinazoacha njano hafifu tu, na mti mmoja unaweza kutofautiana kiangazi na masika. Jani unalijua kwa kulijaribu: lichemshe kidogo na kitambaa cha pembeni kabla hujatumia mtandio mzima.

Bei zangu watu wanaziona kubwa. Mtandio mmoja wa mkandaa unakaa mikononi mwangu karibu juma zima, kuanzia kulowekwa gome hadi kupigwa pasi, na hariri yenyewe si rahisi. Akina mama wanaoninunulia zaidi ni wale wenye umri, wanaouvaa kwa baibui nyeusi kwenda arusini. Wanaushika kwanza, wanaunusa, ndipo wanauliza bei. Mabinti zao sasa wameanza kuwaazima.

Kwa walionao tayari: ufueni kwa maji baridi na sabuni ya maji isiyo kali, ile ya kuogeshea mtoto inafaa. Msiukamue kwa kuusokota. Uviringisheni ndani ya taulo, ukandamizeni, kisha uanikeni kivulini. Pasi iwe ya moto mdogo, upande wa ndani, ukiwa na unyevu bado. Manukato jipulizieni kabla ya kuuvaa. Na wenye ile ya kijivu na nyeusi, muwe macho na limau na ndimu mezani, kwa sababu asidi yake inaondoa chuma na kuacha doa jeupe. Likitokea, msilisugue wala msitie kitu. Nileteeni, naurudisha kwenye komamanga na kutu, siku mbili unachukua, wala sitozi hela.